Njia ya Mzigo, Tabora hadi Songambele

Kila ninaporudi Songambele watu huniuliza usukani wa treni ukoje. Nikiwaambia treni haina usukani, vijana wanacheka na wazee wananitazama kwa huruma, kwamba mtoto wa watu kaenda mbali kote kule kumbe kazi yenyewe ni kukaa tu. Siwalaumu. Kata yetu ipo Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, kwenye pembe ya nchi ambako Mto Kagera unatutenga na Rwanda upande mmoja na Uganda upande mwingine. Ni nchi ya vilima, migomba na mibuni. Mtoto wa huku huijua Fuso kwa mlio kabla hajajua kusoma. Akipelekwa Bukoba ataiona meli. Treni ataisikia kwenye hadithi tu, labda mpaka awe mtu mzima mwenye safari zake.

Mimi kituo changu cha kazi ni Tabora, na ninaendesha treni za mizigo kwenye reli ya zamani, ile ya upana wa mita moja. Wenzangu wa Kagera wakipata likizo hupanda basi: Nzega, Kahama, Lusahunga, Benaco, wanaingia Karagwe kwa kusini. Ni njia fupi na haina mambo mengi. Safari hii nilitaka kwenda kwa njia ya mzigo. Baba mdogo, ambaye ni mjumbe wa bodi ya chama cha msingi cha kahawa, alinipigia simu kabla ya msimu akasema, "Wewe mtu wa reli, tuambie, kahawa yetu haiwezi kupanda hiyo treni yako?" Swali hilo halijibiwi kwenye simu. Nikapanga zamu yangu ya mwisho iwe ya kwenda Mwanza, nikiteremka kwenye kichwa cha treni nivuke ziwa, nipite Kemondo, nipande Karagwe kwa lori au basi, nione mzigo ungepita wapi na ungekwama wapi.

Tuliondoka Tabora usiku. Zamani dereva alifuatwa nyumbani na mtu mwenye kitabu, unaamshwa, unasaini kwamba umeitwa, hakuna tena kusema hukusikia. Siku hizi ni simu, na mke wangu huisikia kabla yangu. Unafika karakana, unakikagua kichwa: mafuta, maji, mchanga, breki, honi, taa. Mchanga watu wengi hawaujui. Kichwa cha treni kina masanduku ya mchanga mkavu, na gurudumu likianza kuteleza juu ya reli yenye umande unamwaga kidogo mbele yake ili chuma kishike chuma. Hicho ndicho kitu pekee kinachofanana na ujanja katika kazi hii. Kingine chote ni subira.

Kilichokuwa mbele yangu usiku ule ni kimoja cha vichwa vya aina ya 88, vilivyotengenezwa Kanada miaka ya 1970, vikafumuliwa na kuundwa upya mara kadhaa hata sijui ni vyuma gani vya asili vilivyobaki ndani yake. Injini ya dizeli humo ndani haizungushi magurudumu. Inazungusha jenereta, na umeme wake ndio unaopelekwa kwenye mota zilizokaa kwenye ekseli. Kwa hiyo hakuna gia. Kuna mkono wenye hatua nane, na dereva mgeni utamtambua kwa kuurukisha. Treni ya mizigo haiondoki yote kwa pamoja. Unavuta behewa la kwanza, linakaza kiungo, linavuta la pili, la pili la tatu, na mlio wa vyuma unakimbia kuelekea nyuma gizani mpaka unapotelea mbali. Ukiongeza nguvu kabla mlio huo haujafika mwisho, utakata kiungo, na asubuhi utakuwa unaandika maelezo badala ya kunywa chai.

Hapo ndipo ninapomjibu anayeuliza habari za usukani. Dereva wa lori anaangalia mbele. Dereva wa treni ya mizigo anaendesha kwa nyuma, kwa mgongo, kwa makalio hasa, nisamehewe. Ukiwa na mabehewa 20, kila moja limebeba tani 40 hivi, una tani 800 za mzigo achilia mbali uzito wa mabehewa yenyewe, na urefu unaotosha nusu ya treni kuwa inapanda wakati nusu nyingine inashuka. Nusu ya mbele inataka kukimbia, ya nyuma inataka kubaki. Kazi yako ni kuzipatanisha. Mimi nilizaliwa kwenye vilima na nilidhani navijua, lakini nilikuwa navijua kwa miguu tu. Reli imenifundisha kwamba kilima ni uzito, na kwamba mwinuko usioonekana kwa macho, ambao mwenye baiskeli anaupita bila kuacha kupiga soga, unaweza kuisimamisha treni katikati ya pori.

Kabla sijahamia njia ya Mwanza nilifanya kazi upande wa Dodoma. Huko ndiko kwenye mlima wa kweli: kutoka tambarare ya Bahi, yenye maji na korongo wakati wa masika, reli inaupanda ukuta wa Bonde la Ufa kupitia Saranda hadi Manyoni. Mchana, ukipata nafasi ya kutazama nyuma kwenye kona, unaliona bonde lote likifunguka chini yako, na abiria husogea madirishani. Dereva hasogei popote. Ana saa ya breki mbele yake na hiyo ndiyo mandhari yake. Hakuna dereva wa reli ya kati asiyejua habari ya Juni 24, 2002, pale Igandu mkoani Dodoma, treni ya abiria yenye watu zaidi ya 1,000 iliposhindwa kushika kwenye mwinuko, ikarudi nyuma bila breki na kuivaa treni ya mizigo. Walikufa watu 281. Mimi huwa naisimulia kwa msaidizi mpya kabla ya mteremko wa kwanza, nami husimulia kwa kifupi. Kisha tunajaribu breki, na tukimaliza tunajaribu tena.

Njia ya Mwanza ni mpole zaidi. Kutoka Tabora unaingia miombo, na usiku miombo ni ukuta wa vigogo unaomulikwa na taa moja. Macho ya wanyama yanawaka na kuzima. Mara unamwona fisi, mara mbwa wa kijiji, mara mtu mwenye baiskeli ya mkaa ambaye ameamua kwamba ukingo wa reli ndiyo barabara yake. Harufu ndiyo inayokwambia uko wapi. Msimu wa tumbaku unaisikia ikikaushwa kwenye mabani. Mvua za kwanza zikinyesha ni udongo. Karibu na stesheni ni moshi wa kuni na maandazi. Bukene tulifika kabla ya alfajiri tukaingizwa njia ya pembeni kupisha treni ya abiria. Reli ni moja, na kwenye reli moja mzigo ndio unaosubiri. Tulisubiri sana. Hivyo ndivyo siku ya dereva wa mizigo inavyokwenda: watu wanadhani anasafiri, kumbe sehemu kubwa ya maisha yake amesimama kwenye stesheni ndogo akiangalia mkuu wa stesheni akipiga mswaki. Tunajua bei ya kuku wa kila kituo. Tunajua nani kaoa. Asali ya Tabora ninayoipeleka Songambele kila likizo naichukua kwa mama mmoja anayekuja mpaka kwenye ngazi ya kichwa, na hajawahi kunidanganya kwa kuchanganya sukari.

Msaidizi wangu, kijana wa Urambo, aliuliza kwa nini ninajisumbua na ziwa wakati basi lipo. Nikamwambia njia ya Tabora na Karagwe ni ya kale kuliko basi na kuliko reli yenyewe. Karne ya 19, wakati Tabora bado inaitwa Kazeh na wageni, misafara ya wafanyabiashara wa pwani ilipanda kaskazini kutoka hapa hadi Karagwe, na wengine walifanya makazi Kafuro, karibu na ikulu ya mfalme Rumanyika. Walileta nguo, shanga na nyaya za shaba, wakarudi na pembe za ndovu. Speke na Grant walipita njia hiyohiyo wakafika kwa Rumanyika mwishoni mwa 1861, na Grant akaachwa huko miezi kadhaa akiuguza mguu. Mzigo ulibebwa kichwani na begani, zaidi na Wanyamwezi, na kipimo cha kawaida cha mpagazi mmoja kilikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Tulipiga hesabu hapo Bukene kwenye kioo chenye vumbi: tani zetu 800 zingehitaji wapagazi 25,000. Kijana alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Na wote wangetaka kula."

Ninachotaka kusema ni kwamba Karagwe haikuwa pembeni. Ilikuwa kituo kwenye njia kubwa. Reli ndiyo iliyoiweka pembeni. Wajerumani walianza kujenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Tabora 1912, Kigoma 1914. Walikuwa na mpango wa tawi jingine, reli ya Ruanda, kutoka Tabora kwenda kaskazini-magharibi hadi kwenye kona ya Mto Kagera, jirani kabisa na kwetu. Kazi ilianza mwaka huohuo wa 1914, na vita vikaizima. Waingereza walipokuja kuijenga reli ya kaskazini waliielekeza kwenye pamba ya Wasukuma na kwenye ziwa, ikafika Mwanza mwaka 1928. Tangu hapo mzigo wa Karagwe ukitaka reli umelazimika kuzunguka kwa maji au kwa barabara. Zaidi ya miaka 100 baadaye mpango wa reli ya kwenda Rwanda bado upo kwenye meza, sasa kwa jina la reli ya kisasa ya Isaka hadi Kigali kupitia Rusumo. Nitaamini nitakapoona tuta.

Isaka yenyewe tuliifikia jua limeshapanda. Ni mahali pasipo na uzuri wowote, napenda kupaona. Hapa ndipo bandari kavu, makontena yaliyotoka Dar kwa reli yanainuliwa na kuwekwa kwenye malori ya Rwanda, Burundi na Kongo. Vumbi jekundu, foleni ya semitrela, wauza chapati, madereva wamelala kwenye machela chini ya trela. Nilimkuta tandiboi mmoja mwenye lafudhi ya kwetu, nikamsalimia kwa Kinyambo, akaruka kama ameitwa na mama yake. Walikuwa wameshusha kahawa Dar es Salaam wakawa wanarudi na saruji. Walikuwa na kahawa tani 30 na kidogo kwenda, alisema, na barabara yote ni yao: Kayanga, Benaco, Lusahunga, Kahama, halafu hapa Isaka, Nzega, Singida, Dodoma, zaidi ya kilomita 1,300. Nikamwuliza kama wamewahi kufikiria kuishusha hapa kwenye reli. Akaniangalia. "Mzee, tukiishusha hapa mimi nitakula nini?"

Lilikuwa jibu zuri kuliko ripoti nyingi. Mzigo ukishapakiwa kwenye lori hauna hamu ya kuteremka. Kila kushusha na kupakia ni gunia linalochanika, kibarua anayelipwa, saa zinazopotea, na mwenye lori anayerudi nusu ya safari bila fedha ya nusu nyingine. Treni inashinda kwa umbali mrefu na mzigo mwingi. Inashindwa pale inapobidi kupokea kidogokidogo kutoka kwa mtu ambaye tayari ana magurudumu chini yake. Ukitaka mzigo wa Kyerwa uingie kwenye reli, ni lazima ukutane nayo mapema, kabla lori halijazoea safari.

Baada ya Isaka miti inakwisha. Unaingia usukumani, mbuga nyeusi zilizonyooka mpaka macho yanachoka, na hapa mandhari na kazi ni kitu kimoja. Udongo ule mweusi ukinyeshewa unavimba, ukikauka unapasuka, na reli iliyolazwa juu yake haitulii. Unaiona mbele yako imepinda kidogo kama kamba iliyolegea, unapunguza mwendo, unapita, unasikia kichwa kikiyumba huku na huku, na unamtaja kwa moyo kila fundi wa njia aliyewahi kushika nyundo. Kwenye kilomita 40 kwa saa una muda wa kuona kila kitu. Ng'ombe wa Wasukuma hawaogopi treni. Wanaogopa honi, na baada ya honi wanakimbia, lakini wanakimbia ndani ya reli. Mchungaji wa miaka tisa anajua hilo kuliko wewe. Anasimama na fimbo yake upande mmoja, hapigi kelele, anarusha jiwe moja tu kwa dume la mbele, na kundi zima linateremka. Nampigia honi fupi ya shukrani. Anainua fimbo. Hatutajuana maisha yetu yote.

Kulia na kushoto, kwa vipande vipande, linaonekana tuta la reli mpya ya kisasa. Ujenzi wa kipande cha Mwanza hadi Isaka ulizinduliwa mwaka 2021, na tangu hapo sisi wa reli ya mita tunapita kando yake tukitazama madaraja yake marefu na nguzo zake. Madereva vijana wanaizungumzia usiku kucha. Dar hadi Dodoma tayari treni za umeme zinabeba abiria tangu 2024, na mimi nimeipanda kama abiria, nikakaa dirishani nikiwa na wivu. Ni kimya mno. Lakini nilipita Kilosa hadi Gulwe bila kuona mto, na hilo lilinisikitisha kidogo, maana kwenye reli ya zamani Mto Mkondoa ndio uliokuwa mwenye nyumba na sisi wapangaji. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliizoa njia yetu pale Kilosa, na treni zikakaa miezi bila kupita. Walioijenga reli mpya wameinyanyua na kutoboa milima. Wamefanya vema.

Malampaka tulipita na marobota ya pamba yakiwa yamepangwa ghalani. Malya, Bukwimba, Mantare. Hapo mawe yanaanza. Mwanzoni moja moja, katikati ya shamba la mtama, kisha yamepandana, jiwe juu ya jiwe juu ya jiwe, na nyumba zimejengwa kati yake bila wasiwasi wowote. Baada ya Fela upepo unabadilika, unakuwa na unyevu, na upande wa kushoto maji ya Ghuba ya Mwanza yanatokea na kupotea nyuma ya mawe. Tuliingia Mwanza Kusini jioni. Nikakabidhi kichwa, nikaandika kasoro zake kwenye kitabu, nikamwaga msaidizi wangu, nikawa abiria.

Mwanza Kusini ndipo reli inapoingia majini. Kuna gati lenye daraja la chuma ambalo linashuka hadi kwenye sitaha ya meli, na reli za nchi kavu zinaungana na reli zilizomo ndani ya meli. Mabehewa yanasukumwa ndani, yanafungwa kwa minyororo, na mzigo unavuka ziwa bila gunia hata moja kuguswa. Meli yetu ya kazi hiyo ni MV Umoja, iliyotengenezwa Uskoti miaka ya 1960 kwa ajili ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, pamoja na mwenzake MV Uhuru aliyebaki kwa Wakenya baada ya Jumuiya kuvunjika mwaka 1977. Mwaka 2018 safari zake za kwenda Port Bell, Uganda, zilifufuliwa baada ya kulala miaka mingi, na shehena za Uganda zikaanza tena kupita Mwanza na Tabora. Nimewahi kuvuta mabehewa hayo. Na wakati nayavuta nilijiuliza jambo ambalo mtu yeyote wa Kagera angejiuliza: kama behewa linaweza kuvuka hadi Kampala, kwa nini lisisimame Kemondo?

Nilivuka kwa MV Victoria, ambayo baada ya ukarabati mkubwa ilirudi majini mwaka 2020. Inaondoka usiku, inapita Kemondo alfajiri, inamaliza Bukoba. Watu wa Kagera hatuwi wasemaji sana kwenye meli usiku. Hakuna familia kwetu isiyo na jina la mtu kwenye habari ya MV Bukoba, iliyozama Mei 21, 1996 ikikaribia Mwanza. Wazee kwenye daraja la tatu huanza rozari meli ikishatoka bandarini na kuimaliza mawe ya Mwanza yakiwa yamepotea. Baada ya hapo wanafungua ndizi zao.

Kemondo ni ghuba tulivu iliyo kusini kidogo mwa Bukoba. Bandari yake ilijengwa kwa kufikiria mzigo, na ina gati la kupokea mabehewa ya MV Umoja. Nilishuka hapo makusudi, nikazunguka asubuhi na mlinzi mmoja mstaarabu. Kulikuwa na magunia, ndizi, mbao, mabati, malori mawili. Mlinzi alinionyesha kila kitu kwa fahari, kisha akaniuliza mimi ni nani hasa. Nilipomwambia ni dereva wa treni alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Basi mzigo ndio huu," alisema. "Tuletee mabehewa."

Kutoka hapo ni barabara. Bukoba, kisha Kyaka, ambapo daraja la Kagera lililipuliwa na majeshi ya Idi Amin mwaka 1978, na ambapo watu wa rika la baba yangu hushusha sauti mpaka leo. Kutoka Kyaka unaiacha njia ya Mutukula unakunja kwenda Karagwe, kilomita 59 za lami hadi Bugene. Dereva wa Coaster yetu alikuwa kijana, anaendesha kwa mkono mmoja na simu kwenye mwingine, na mimi, mtu ninayevuta mamia ya tani, nilikaa nimeshika kiti cha mbele kwa mikono yote. Alipunguza gia kwenye kona ya mwisho kabisa ya kila mteremko. Nilimwambia kwa upole. Akanijibu, "Tulia baba, hii siyo treni." Abiria walifurahi sana.

Omurushaka, Nkwenda, halafu vumbi la kwetu. Mwezi Juni Songambele yote ni uwanja wa kuanikia kahawa. Kwetu ni robusta, na inaanikwa na maganda yake kwenye turubai, kwenye mikeka, wengine bado chini, ingawa chama kinakataza. Watoto wanageuza kwa miguu. Rangi inaanza nyekundu, inakuwa kahawia, inamalizikia nyeusi, na ukitikisa kiganja cha kahawa iliyokauka vizuri inalia. Baba mdogo alinitikisia kiganja kimoja sikioni kabla hajaniuliza habari za watoto.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Enhe. Inapanda au haipandi?"

Tulikaa barazani na jirani yetu mwenye Fuso, na nikawaeleza kama ninavyoeleza hapa. Behewa moja linachukua zaidi ya magunia 600 ya kilo 60. Treni ya mabehewa 20 ni zaidi ya magunia 13,000. Chama kimoja cha msingi hakiwezi kuijaza treni, lakini behewa moja kinaweza, na vyama vya Kyerwa na Karagwe vikiwa pamoja chini ya chama kikuu chao, KDCU, vinaweza kuijaza meli. Jirani alisikiliza kwa heshima kisha akaleta hoja yake, na ni nzito. Lori, alisema, linakuja mpaka kwenye ghala. Mvua ikinyesha linakwama, lakini linakwama likiwa na namba ya simu ya dereva. Mkulima amebanwa na ada ya shule. Wengine wameshauza maua yakiwa bado mtini kwa butura, kwa bei ya kutupa, na wengine usiku wanavusha gunia moja moja kwa bodaboda kwenda ng'ambo ya mto. Hao wote hawawezi kusubiri meli. "Treni yako," aliniambia, "ni ya mtu asiye na haraka."

Ni kweli, na sikubishana naye. Nilimwambia tu kwamba lori lake lingepata kazi zaidi na siyo pungufu, maana safari ya Songambele hadi Kemondo angeweza kuifanya na kurudi nyumbani kulala, badala ya kukaa njiani siku nyingi na kupita pori la Kimisi huku moyo uko mkononi. Hilo lilimfanya afikiri. Mkewe, aliyekuwa akimenya ndizi kando, alifikiri haraka kuliko yeye.

Mnada wa kahawa siku hizi unafanyika mkoani, na anayenunua ndiye anayelipa usafiri hadi bandarini. Lakini gharama hiyo haitoki mfukoni mwake. Anaikata kwenye bei anayotaja mnadani, na anayeibeba mwishowe ni huyu aliyeketi barazani na turubai la maganda mbele yake. Ndiyo maana suala la njia ni la mkulima hata kama yeye hajui behewa likoje. Na halihitaji reli mpya. Meli ipo, gati lipo, reli ya Mwanza hadi Dar es Salaam ipo na inafanya kazi, najua maana nimeshuka kwenye kichwa chake juzi. Kinachotakiwa ni ratiba inayojulikana kabla ya msimu, na mzigo ulioahidiwa kwa maandishi, kwa sababu hakuna anayepeleka meli kwenye ghuba kwa matumaini.

Basi neno langu ni kwa viongozi wa vyama vya msingi vya Kyerwa na Karagwe. Kabla ya kukaa na wanunuzi msimu ujao, andikeni barua mbili, moja kwa shirika la reli na moja kwa wenye meli, mkiuliza bei ya tani moja ya kahawa kutoka Kemondo hadi bandari ya Dar es Salaam na tarehe ambazo behewa linaweza kupatikana. Majibu yakija, yabandikeni ukutani kwenye ghala kando ya bei ya lori, mahali ambapo kila mwanachama atayasoma.